Jinsi ya kujijengea nidhamu binafsi bila kusubiri hamu ije kwanza

Nilikaa miezi 14 bila kuandika hata ukurasa mmoja wa maana wa tasnifu yangu, ingawa data zilikuwa zimekwisha kukusanywa, msimamizi alikuwa ameridhia mpango mzima, na muda nilikuwa nao. Kila usiku nilijiambia kwamba kesho nitaamka na ari mpya. Siku nyingine ari hiyo ilikuja kweli: nikapanga meza upya, nikachora ratiba ya rangi tatu, nikaandika kurasa sita kwa siku moja, kisha nisiguse kazi ile kwa wiki tano. Ulikuwa moto wa mabua. Ninayoyaeleza hapa ndiyo yaliyonitoa katika hali hiyo, pamoja na yale niliyoyaelewa baadaye nilipoanza kusoma tafiti za wanasaikolojia kuhusu mazoea na kujitawala. Nayaeleza kwa sababu nawaona watu wengi wenye uwezo mkubwa wakijihukumu kuwa ni wavivu, ilhali kosa lao ni moja tu, nalo ni kuamini kwamba mtu hupata hamu kwanza ndipo afanye kazi.

Mpangilio huo umepinduliwa. Katika shughuli nyingi zinazotaka juhudi ya muda mrefu, kama vile kusoma, kuandika, kufanya mazoezi ya mwili au kujifunza ufundi mpya, hamu huja baada ya mikono kuanza, na mara nyingi huja ikiwa imechelewa. Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka katika matibabu ya sonona. Kwa miongo kadhaa wataalamu wamekuwa wakitumia mbinu ambayo kwayo mgonjwa, aliyepoteza hamu ya karibu kila kitu, hasubiri moyo wake uchangamke, bali hupangiwa shughuli ndogo ndogo zenye siku na saa maalumu, azifanye hata kama hazitaki, na polepole hali ya moyo hufuata matendo. Ikiwa njia hiyo humsaidia mtu aliyelemewa kiasi hicho, hapana sababu ya kuidharau sisi ambao tumechoka tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuipunguza kazi mpaka ifikie kipimo ambacho mwili unaweza kukianza ukiwa hauna ari yoyote. “Kuandika sura ya pili” si tendo. Ni jina la mlima. Tendo ni kufungua faili, kusoma aya ya mwisho niliyoiandika jana, na kuongeza sentensi moja. “Kuanza mazoezi” si tendo. Tendo ni kuvaa viatu na kutoka nje ya mlango. Ukiona bado unasitasita mbele ya hatua uliyoichagua, ujue bado ni kubwa, uipunguze tena bila kuona haya. Nilijiwekea dakika 10 kwa siku, nikajiruhusu kwa dhati kuacha zikiisha. Ruhusa hiyo lazima iwe ya kweli, kwa maana nafsi ikishatambua kwamba dakika 10 ni mtego wa kuivuta kwenye saa tatu, kesho yake haitakubali hata dakika moja.

Dakika mbili za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na inafaa mtu azijue kwa karibu ili zisimtishe. Unaketi. Unasoma sentensi yako ya jana na kuiona mbaya. Mara unakumbuka shati ambalo halijapigwa pasi, barua ambayo hukuijibu, na jambo fulani ambalo unahisi ni lazima ulitafute kwenye intaneti sasa hivi. Mkono unaelekea kwenye simu kabla hujaamua. Hapo usipigane na mawazo hayo, wala usiyafuate. Yaandike kwenye kipande cha karatasi kilicho pembeni, neno moja moja, kisha urudi kwenye ile sentensi mbaya na kuirekebisha kidogo. Unabadilisha neno moja. Kubadilika kwa neno hilo kunakufanya uone kwamba na sentensi inayofuata hailingani, na ukiirekebisha hiyo, umekwisha ingia kazini bila kutangaza. Sikujua kwa muda mrefu kwamba hamu niliyokuwa nikiisubiri miezi yote ile ilikuwa imekaa upande wa pili wa dakika hizo mbili.

Jambo jingine dogo linalosaidia ni kuacha kazi pale unapojua kinachofuata. Ukimaliza sehemu nzima na kufunga kila kitu, kesho utaanza mbele ya ukuta mtupu. Ukiacha katikati ya aya, baada ya kuandika maneno machache ya kukumbusha kile ulichokusudia kusema, kesho utakuta mlango umeachwa wazi.

Kabla ya kufika mbali, inafaa kujiuliza kazi hii ni ya nani. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi ya miaka mingi kuhusu kile kinachomsukuma binadamu, wanasisitiza mahitaji matatu: mtu ahisi kwamba amechagua mwenyewe, ahisi kwamba uwezo wake unakua, na ahisi kwamba ameungana na watu wengine. Shughuli inayokosa yote matatu haiwezi kuokolewa na ratiba. Chukua karatasi na uandike, kwa sentensi nzima, kwa nini unataka jambo hilo. Sababu ikiwa ni kuwaridhisha watu usiowaheshimu au kuogopa kuchekwa, huenda tatizo halimo katika nidhamu yako hata kidogo, na uamuzi wa busara ukawa kuliacha jambo lenyewe. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu nimewaona watu wakijitesa kwa miaka kutimiza lengo ambalo hawakuwahi kulichagua.

Hapohapo nitoe tahadhari kuhusu zawadi. Ushauri wa kujizawadia kila baada ya kazi unatolewa kwa urahisi mno. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wale walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walipungukiwa na hamu ya kuchora walipoachwa huru baadaye, ilhali waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa. Kazi isiyo na ladha yoyote, kama kupanga risiti, haidhuriki sana ukiifungamanisha na starehe ndogo. Lakini kazi unayoipenda kwa asili yake usiigeuze kuwa njia ya kupata malipo, la sivyo siku malipo yakikosekana na mapenzi nayo yataondoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lilikuwa na nguvu kuliko mengine yote, nalo ni kuamua mapema, kwa maneno kamili, ni wakati gani na mahali gani utafanya kazi. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameeleza, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1999, tofauti iliyopo kati ya kusudio la jumla na mpango wenye umbo la “likitokea hili, nitafanya lile”. Katika jaribio moja analolitaja, wanafunzi waliombwa kuandika taarifa fupi katika muda wa siku mbili wakati wa sikukuu. Miongoni mwa wale ambao hawakutakiwa kupanga lolote, ni kiasi cha theluthi moja tu waliokamilisha. Miongoni mwa wale waliotamka mapema wataandika saa ngapi na wakiwa wapi, zaidi ya theluthi mbili walikamilisha. Kilichotofautisha makundi hayo ni sentensi moja tu iliyotamkwa mapema. Sababu yake inaeleweka: anayekusudia kwa jumla analazimika kuamua upya kila saa inayopita, na katika kila uamuzi mpya uchovu na visingizio hupata nafasi ya kupiga kura, ilhali aliyekwisha kuamua anasubiri ishara tu.

Sentensi yangu ilikuwa hii: “Nikimaliza kupiga mswaki asubuhi, kabla sijagusa simu, nitaketi kwenye meza ya dirishani na kufungua faili la sura ya tatu.” Angalia ilivyojengwa. Ishara yake ni jambo ambalo tayari nalifanya kila siku bila kukumbushwa, mahali pametajwa, na tendo ni dogo. Niliibandika ukutani. Baada ya wiki moja niliongeza sentensi mbili za kukabili vizuizi, kwa sababu vizuizi navyo huja kwa sura zilezile: “Mtu akinipigia simu katika dakika hizo, nitampigia nikimaliza,” na “Nikikwama kwenye hoja, nitaandika swali lenyewe kwa maandishi makubwa na kuhamia aya inayofuata.” Ukitaka kuandika zako, anza kwa kukumbuka mara tatu za mwisho ulizoshindwa, uangalie ni nini hasa kilitokea dakika chache kabla, kisha umwandikie jibu mgeni huyo ambaye unajua atarudi.

Wengi hudhani kwamba watu wenye nidhamu ni wale wanaoweza kukaa mbele ya kishawishi wakakishinda kwa kukunja meno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Wilhelm Hofmann na wenzake, ambao walifuatilia matamanio ya kila siku ya watu wazima zaidi ya 200 nchini Ujerumani, ulionyesha picha tofauti: waliokuwa na kiwango cha juu cha kujitawala waliripoti kwamba vishawishi na migongano ya ndani viliwapata kwa uchache kuliko wenzao. Yaani maisha yao yalikuwa yamepangwa kwa namna ambayo vita vyenyewe havikutokea mara nyingi.

Hata jaribio maarufu la Walter Mischel, lililofanywa na watoto wa shule ya awali katika Chuo Kikuu cha Stanford kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, linasimuliwa vibaya. Mtoto aliwekewa peremende, akaambiwa kwamba akisubiri atapata mbili. Kwa miaka mingi watu wamelitumia kudai kwamba aliyesubiri utotoni amezaliwa na kipaji cha kufaulu maishani. Mwaka 2018 watafiti wengine waliurudia uchunguzi huo kwa zaidi ya watoto 900, wakakuta kwamba uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ni mdogo kuliko ilivyosemwa, na hupungua zaidi hali ya familia ya mtoto inapozingatiwa. Kinachobaki na faida kwetu ni kile walichokifanya watoto waliofaulu kusubiri: walifunika macho, waligeuza viti, waliimba, walichezea vidole vyao. Hawakuitazama peremende. Ilipofunikwa isionekane, kusubiri kulikuwa rahisi zaidi.

Basi fanya kama wao. Simu isikae mezani ikiwa imelazwa kifudifudi, kwa sababu bado unajua ipo na sikio linaisubiri. Iweke chumba kingine, au uizime na kuifungia kwenye begi. Ondoa kwenye skrini programu zinazokuvuta, na zile zinazotaka nywila ziache zikiwa zimefungwa kila unapotoka, ili kuzirudia kukugharimu juhudi kidogo. Halafu fanya kinyume chake kwa kazi unayoitaka: usiku, kabla ya kulala, acha kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa unaofuata, kalamu juu yake, viatu vya mazoezi karibu na mlango. Usiku nilikuwa nikifungua faili langu, nikaweka kielekezi kwenye mstari wa mwisho, ndipo nikafunika kompyuta bila kuizima. Asubuhi nilipoiinua, sura ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kunitazama. Hatua hizo zinaonekana ndogo mno kustahili kuandikwa, na ndiyo maana wengi huzipita wakitafuta siri kubwa zaidi.

Je, itachukua muda gani mpaka jambo liwe mazoea? Siku 21 zinazotajwa kila mahali zina chanzo dhaifu. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa sura aitwaye Maxwell Maltz aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea mwonekano wao mpya; neno “angalau” likaanguka njiani, na uzoefu wa wagonjwa wa upasuaji ukageuzwa kuwa kanuni ya kila tabia. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, katika utafiti wao kuhusu watu 96 waliojaribu kujenga zoea moja kila mmoja, walikuta kwamba wastani ulikuwa siku 66, lakini makadirio kwa mtu mmoja mmoja yalianzia siku 18 hadi 254. Mazoea mepesi yalikaa upesi, yale ya mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukifika siku ya 30 na bado unajisukuma, hakuna kilichoharibika kwako. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi cha maana mwendo wa kujenga zoea, jambo ambalo laiti ningelijua mapema lingenipunguzia huzuni nyingi.

Kutokana na urefu huo wa safari, chagua jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayeanza Jumatatu moja kuamka alfajiri, kukimbia, kuacha sukari, kusoma lugha mpya na kuweka akiba, ameanzisha safari tano za siku 66 au zaidi, na zote zinamdai nguvu ya asubuhi ileile. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku unayotimiza tendo lako dogo. Hesabu matendo, usihesabu matokeo, kwa kuwa uzito wa mwili, alama za mtihani na idadi ya kurasa zilizokubaliwa haviko mikononi mwako kila siku, lakini kuketi mezani kuko.

Usingizi nao usiuchukulie kama anasa. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa usiku, na aliyelala saa nne atajilaumu kwa kukosa nidhamu ilhali ubongo wake unaomba kupumzika. Vilevile, hamu ikiwa imepotea katika mambo yote, hata yale uliyoyapenda, na hali hiyo ikadumu kwa wiki mbili au zaidi pamoja na huzuni, kukosa usingizi au kujiona huna thamani, mwone mtaalamu wa afya. Hapo hatuzungumzii uvivu, na mwongozo wa aina hii hautoshi.

Limebaki suala la kuanguka, na utaanguka. Wengi hawapotei kwa sababu ya siku ile waliyokosa. Hupotea kwa sababu ya kile wanachojiambia usiku wake. Ukali dhidi ya nafsi huonekana kama nidhamu, lakini mara nyingi huifanya kazi ichukize zaidi, kwa kuwa sasa kila ukiifikiria unakutana na aibu, na ili uikwepe aibu unaikwepa kazi. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi zaidi ya 100 wa mwaka wa kwanza wa chuo nchini Kanada, ambao walikuwa wameahirisha kujiandaa kwa mtihani wa kwanza. Wale waliojisamehe kwa kuahirisha huko waliahirisha kidogo zaidi walipokuwa wakijiandaa kwa mtihani uliofuata. Kujisamehe huko hakumaanishi kusema kwamba hakukuwa na kosa. Maana yake ni kulikiri kosa, kisha kuacha kulibeba.

Siku ya kurudi, usijaribu kulipa deni. Aliyekosa siku nne za dakika 10 asiketi kwa saa nzima kufidia, kwa sababu saa hiyo itakuwa adhabu, na adhabu huacha kumbukumbu mbaya mezani. Fanya kipimo kilekile kidogo, uweke alama, usimame. Kisha andika mstari mmoja kuhusu kilichokukosesha, si kwa kujitetea, bali kama fundi anavyoandika mashine imekwama wapi. Baada ya miezi miwili nilipitia mistari yangu na kuona kwamba kati ya siku 11 nilizokosa, 8 zilikuwa Jumatatu, siku ambayo kikao cha kazini kilianza mapema na mimi nikaondoka nyumbani nikikimbia. Miezi yote hiyo nilikuwa nikidhani ni udhaifu wa tabia. Nilihamisha zamu ya Jumatatu hadi jioni, mara tu baada ya kuvua viatu vya kazi, nikaandika sentensi mpya ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata niliandika aya mbili.